Pikapu ya Kuvutia Trela Nzito Pwani ya Malindi: Ndogo, Dabokebu, Land Cruiser au Kanta?

Kila mwaka kaskazi ikilegea na kusi ikaanza kuchafua bahari, wenye boti wa Malindi na Watamu hupandisha vyombo vyao nchi kavu ili vikarabatiwe na kungoja msimu mwingine wa uvuvi. Siku hizo ufukweni hukusanyika pikapu za kila aina zilizofungwa trela, na mtu akisimama pale saa moja tu wakati maji yamejaa ataona mengi: moja inapanda na boti yake taratibu, nyingine inachimba mchanga mpaka ekseli inalala chini huku dereva akizidi kukanyaga mafuta. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuvuta boti, matangi ya maji na mifugo kati ya Kilifi na Garsen, pamoja na safari chache za kufika Mokowe, kwa hiyo swali la ukubwa wa pikapu nimeulizwa mara nyingi na watu waliokuwa tayari wameshika fedha mkononi. Nalijibu hapa kwa urefu, kwa sababu majibu mafupi nimeyaona yakiwatia watu hasara.

Wanunuzi wengi huanza na injini. Huuliza ina nguvu za farasi ngapi na inavuta tani ngapi, kisha huchagua ile yenye tarakimu kubwa zaidi. Lakini nchi yetu ni tambarare. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kama kilomita 120, na mwinuko wa maana ni ule wa kushuka na kupanda kwenye madaraja ya Mtwapa na Kilifi; ukishavuka daraja la Sabaki kuelekea Mambrui, Gongoni na Garsen, nchi inazidi kuwa bapa. Katika barabara kama hiyo karibu kila pikapu ya dizeli yenye tabo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, itaisogeza trela ya tani mbili bila kulalamika. Kinachotofautisha gari na gari ni uwezo wa kubeba uzito wa ulimi wa trela mgongoni pake, uwezo wa kusimama mbuzi anapokatiza barabara, na uwezo wa kutoka mchangani. Mimi hulinganisha kwa hayo matatu, na injini huja ya nne.

Trela ipimwe kwanza

Kabla ya kuzungumzia pikapu yoyote, ni lazima ujue uzito halisi wa kitu utakachokivuta, na uzito huo haujulikani kwa kukisia. Mteja wangu mmoja alinihakikishia kwamba boti yake ya faiba ya futi 23 ilikuwa na tani moja na nusu. Tulipoipandisha kwenye mizani ya malori ya kiwanda kimoja cha chumvi upande wa Gongoni, boti na trela pamoja zilisoma kilo 2,640. Mteja hakuwa amedanganya, bali alikuwa ametaja uzito wa boti tupu kama alivyoambiwa na aliyemuuzia. Hakuwa amehesabu mashine mbili za nguvu za farasi 115, ambazo kila moja hupita kilo 170. Hakuwa amehesabu petroli, ambayo lita 300 zake ni zaidi ya kilo 220, wala betri, nanga, minyororo na maji ya ngama yaliyokuwa yamebaki chini ya sakafu. Juu ya hayo yote kulikuwa na trela yenyewe, ya ekseli mbili na vyuma vizito.

Maji ni rahisi kuhesabu kuliko boti, kwa kuwa lita moja ni kilo moja; tangi la lita 2,000 likijaa ni tani mbili, kisha unaongeza trela. Hata hivyo tangi lililojaa nusu lina hatari yake, kwa sababu maji huenda mbele unapofunga breki na kurudi nyuma unapoondoka, na kama tangi halina vizuizi vya ndani, utahisi msukumo huo kwenye kiti chako. Ng'ombe nao hawatulii. Kwa saruji na chumvi hesabu ni ya mifuko: mifuko 40 ya kilo 50 ni tani mbili kamili.

Baada ya uzito wa jumla, pima uzito wa ulimi, yaani ule mzigo unaokalia kiungio cha nyuma ya pikapu. Kanuni inayotumiwa na watengenezaji wengi wa magari ya aina hii ni kwamba ulimi uwe takriban asilimia 10 ya uzito wa trela. Ukipungua sana, trela huanza kutikisa mkia. Ukizidi sana, nyuma ya pikapu hulala na magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani haushiki barabara. Mimi hupima kwa ile mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia nduaro kwenye gati la wavuvi wa michezo: tunaifunga kwenye boriti, tunaushikiza ulimi kwa mkanda, tunauinua mpaka trela ikae sawa na ardhi, kisha tunasoma. Boti ile ya kilo 2,640 ilisoma kilo 120 tu, wakati ilipaswa kukaribia 260. Tuliisogeza mbele juu ya trela kwa kiasi cha shibiri mbili, tukafunga upya mhimili wa kuzuia pua, na mizani ikasoma 250. Kazi hiyo ilichukua nusu saa. Dereva aliyekuja nayo kutoka Kilifi alituambia kwamba njia nzima alidhani tairi zake ndizo zenye matatizo.

Pikapu ndogo ya kazi

Hii ni ile pikapu ya kebini moja inayovutwa na magurudumu ya nyuma peke yake, yenye uzito mtupu wa takriban tani moja na nusu, inayobeba nyanya, madafu na mabati kila siku. Ni gari jema kwa mzigo wa kwenye bodi. Kwa trela nzito, hapana. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kilo 750 kwa trela isiyo na breki zake, na trela nyingi zinazochomelewa huku kwetu hazina breki kabisa, kwa hiyo hata kama kitabu cha gari kinaruhusu zaidi ya hapo kwa trela yenye breki, wewe uliye na trela ya mtaani kikomo chako ni hizo kilo 750. Hiyo inatosha boti ndogo ya futi 14 yenye mashine moja, au tangi la lita 500.

Nililijua hilo kwa njia mbaya. Mwanzoni mwa kazi hii nilivuta boti iliyozidi uzito wa pikapu yangu, na mashine zake zilikuwa zimeachwa nyuma kabisa. Nilipokaribia Gede, mahali ambapo barabara inashuka kidogo, trela ilianza kuyumba upande hadi upande, na kila ilipoyumba iliichukua pikapu pamoja nayo. Nilikanyaga breki, na hilo lilikuwa kosa la pili, kwa sababu gari lilipunguza mwendo ilhali trela iliendelea kusukuma. Tulitoka barabarani tukaishia kwenye mashamba. Hakuna aliyeumia, lakini nimekumbuka kila siku kwamba pale pembeni palikuwa na watoto wanaotoka shule. Trela ikianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe sawa, uache mwendo upungue wenyewe. Na kama trela ina breki unazoweza kuzifunga peke yake kutoka ndani ya gari, zifunge hizo.

Tangu siku ile nimejiwekea kanuni ambayo siivunji kwa malipo yoyote: trela isiyo na breki isizidi nusu ya uzito wa gari linaloivuta, wala kikomo cha mtengenezaji kikiwa chini ya hapo, na trela yenye breki isiuzidi uzito wa gari kwa zaidi ya robo. Ni kanuni yangu mwenyewe, na iko chini ya vikomo vya vitabu vingi, lakini imenitunza.

Dabokebu ya tani moja

Hapa ndipo wengi watakapopata gari lao, na hapa ndipo tarakimu zinapopotosha zaidi. Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger za magurudumu manne yanayovuta, zile zenye injini kubwa za dizeli, huandikwa katika masoko mengi kwamba zinavuta kilo 3,500 kwa trela yenye breki. Injini zake zinastahili sifa: Hilux ya lita 2.8 katika toleo lake la karibuni ina msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 500, D-Max ya lita 3.0 ya kizazi kipya ina Nm 450. Lakini matoleo yenye injini ndogo zaidi, ambayo kutoka nje hayatofautiani na hayo, huwa na vikomo vya chini zaidi katika masoko mengi, kwa hiyo usinunue kwa kutazama jina lililo mlangoni. Fungua mlango wa dereva utafute kibao cha uzito, kisha usome kitabu cha gari hilohilo.

Kibao hicho hueleza uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake, na mara nyingi pia uzito wa juu wa gari na trela zikiwa zimeungana. Tuchukue mfano wa dabokebu ambayo yenyewe tupu ni kilo 2,100, uzito wake wa juu ni kilo 3,050, na uzito wa juu wa mwungano ni kilo 5,850. Ukiifunga trela ya kilo 3,500 kama tangazo linavyoahidi, gari lenyewe limebakiwa na kilo 2,350 katika ule mwungano. Ukitoa kilo 2,100 za gari tupu, zimebaki kilo 250 za kila kitu kingine. Watu watatu wa kilo 75 wameshachukua 225. Bado hujaweka kinga ya mbele ya chuma, jeki, tairi ya pili ya akiba, kamba, na yale makasha ya barafu ambayo hakuna mvuvi anayeondoka bila hayo. Kwa hiyo tani tatu na nusu zimo kwenye karatasi, ila ukizifunga utalazimika kusafiri peke yako na bodi tupu.

Hesabu ya mgongo nayo ifanywe. Gari hilo linaweza kubeba kilo 950. Trela ya kilo 2,500 inaweka ulimi wa kilo 250. Watu watano ni kilo 375. Kofia ya bodi na kinga ya mbele zinaweza kufika kilo 150. Zimebaki kilo 175 tu, na vijana wa boti tayari wametupa mashine ya akiba na madumu ya mafuta ndani ya bodi. Ikumbukwe pia kwamba kiungio kiko nyuma ya ekseli, kwa hiyo uzito wa ulimi hufanya kazi kama mtu anayekalia ncha ya mtumbwi: ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya ule uzito wenyewe, kwa kuwa inabeba na ule uliopunguzwa mbele. Ndiyo sababu baadhi ya dabokebu zilizotumika vibaya huonekana zimepinda chesisi mahali kebini inapoachana na bodi. Kuongeza springi huinua nyuma ya gari ili lionekane sawa, lakini hakubadilishi kibao wala hakuipi chesisi nguvu mpya.

Kwa hayo yote, hukumu yangu ni kwamba dabokebu nzuri ya magurudumu manne ni gari la trela ya hadi kilo 2,500, kwa anayevuta mara kwa mara. Hapo ina nafasi ya watu, ina breki za kutosha, na haiishi kila siku kwenye ukingo wa uwezo wake. Boti nyingi za futi 19 hadi 22 zinaingia humo. Boti ya mteja wangu ya kilo 2,640 ilipita kidogo, lakini tulipoondoa petroli na kukausha ngama ilishuka chini ya 2,400, na tangu hapo imekuwa ikisafirishwa hivyo. Petroli ya kuvulia hununuliwa baada ya boti kushushwa majini.

Kuhusu gia, najua kwamba mafundi wengi wa kwetu hawaipendi otomatiki, na sababu zao nazielewa, kwa kuwa ikiharibika matengenezo yake ni ghali. Hata hivyo, kwa mtu anayepandisha boti ufukweni mara nyingi mimi huipendelea, kwa sababu husukuma gari polepole bila kuunguza chochote, ilhali gia ya mkono mchangani hutaka klachi ishikiliwe nusu, na klachi iliyoshikiliwa nusu chini ya trela ya tani mbili hunuka ndani ya dakika chache. Sharti ni kwamba mafuta ya gia yabadilishwe kabla ya wakati ulioandikwa kwa gari lisilovuta, na yasiachwe yachemke.

Land Cruiser 79

Gari hili Wakenya wanalijua vizuri, kwa kuwa ndilo la polisi, la mashirika ya misaada na la wachimbaji, na huunganishwa papa hapa Mombasa. Yule anayelinganisha kwa karatasi peke yake hushangaa: injini ya lita 4.2 isiyo na tabo, iliyozoeleka sana nchini, ina msokoto wa Nm 285 tu, pungufu sana ya Hilux mpya. Kwa nini basi mtu alipe zaidi?

Malipo hayo ni ya vyuma vilivyo chini. Ekseli zote mbili ni ngumu, ya mbele na ya nyuma, chesisi ni nene zaidi, springi za nyuma ni za vipande vizito, na tangi lake la mafuta ni la lita 130. Gari likibeba ulimi wa kilo 300 halilali kama dabokebu. Mchangani, likiwa limewekwa gia ya chini ya magurudumu manne, ile injini yake ya zamani huvuta tangu mzunguko wa chini kabisa bila kungoja tabo iamke, na hiyo ndiyo tabia unayoitaka wakati boti imeanza kuelea nusu na mawimbi yanaisukuma. Barabarani mambo hugeuka. Dabokebu mpya itakuwa imeshafika Kilifi nawe bado unapanda kutoka darajani, na safari ya Nairobi itakuchosha, kwa sababu injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kadiri nchi inavyoinuka, na Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Yapo matoleo yenye tabo, ya V8 ya lita 4.5 na hivi karibuni ya lita 2.8 yenye Nm 500, ambayo yanaondoa kasoro hiyo kwa bei kubwa zaidi.

Mimi ningelichagua Land Cruiser kwa mtu ambaye trela yake ni kati ya kilo 2,500 na 3,000, na ambaye kazi yake iko nje ya lami: anayepeleka maji vijijini ndani ya Magarini, anayeshusha boti Ngomeni, anayechukua mifugo upande wa Tana. Kwa anayekaa kwenye lami kati ya Watamu na Mombasa, akiwa na familia ndani ya gari, sioni sababu. Kebini yake ina joto na kelele, na viti vya nyuma vya dabokebu ya kawaida vina raha zaidi.

Kanta

Trela ikizidi tani tatu, mimi siiti hiyo kazi ya pikapu tena. Nawaambia watu waende kwenye lori dogo, lile linaloitwa kanta hata likiwa la Isuzu, na mara nyingi hawapendi kusikia hivyo kwa sababu kanta haina heshima ya pikapu mpya mbele ya hoteli. Lakini lori hilo lilijengwa ili libebe tani kadhaa kila siku, breki zake ni za kazi hiyo, na linaponunuliwa likiwa limetumika bei yake inaweza kuwa chini ya dabokebu ya umri huohuo. Pia linakupa njia nyingine ambayo pikapu haiwezi: mizigo mingi unayotaka kuiwekea trela, kama vile tangi la maji la lita 3,000 au shehena ya boriti zilizovushwa kutoka Lamu hadi Mokowe, inaweza kubebwa kwenye bodi yenyewe bila trela yoyote. Trela isiyokuwepo haiyumbi.

Kasoro ya kanta ni mchanga. Nyingi huvutwa na magurudumu ya nyuma tu, na likiwa tupu huzama upesi, hivyo ufukweni si lake.

Kuhusu zile pikapu kubwa za Marekani ambazo vijana huniletea picha zake kwenye simu, kina F-250 na Ram 2500, sina mengi. Wenyewe huzigawa kwa majina ya nusu tani, robo tatu ya tani na tani moja, majina ya zamani ambayo hayaelezi tena uzito zinaobeba leo, na ni kweli kwamba zinavuta mizigo ambayo hakuna gari katika ulinganisho huu litakaloigusa. Lakini usukani wake uko kushoto, sheria ya Kenya hairuhusu mtu wa kawaida kuingiza gari la namna hiyo, na gari lililotumika haliingizwi likipita umri wa miaka 8. Kwa hiyo tarakimu zake zisikufanye uidharau Hilux.

Breki za trela huweza kubadilisha uchaguzi

Nimewaona watu wakiongeza fedha nyingi ili watoke kwenye dabokebu waende kwenye gari kubwa zaidi, ilhali sehemu ndogo ya fedha hizo ingewawekea trela breki. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, nguvu ambayo breki zinatakiwa kuimeza huongezeka kwa zaidi ya nusu, na trela isiyo na breki huitupia pikapu deni hilo lote. Breki iliyo rahisi kwa trela za wastani ni ile ya msukumo: gari linapopunguza mwendo, trela husukuma kiungio, kiungio hubana, na breki za trela hujifunga zenyewe bila waya wala kompyuta. Nimewahi kuijaribu dabokebu yangu na trela ileile ya maji kabla na baada ya kuwekewa breki hizo, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko ile niliyoiona nilipohamia gari zito zaidi.

Pwani, hata hivyo, breki hizo zinaliwa na chumvi. Trela ya boti inayotoka barabarani ina bearingi za moto, na ukiitumbukiza baharini hapohapo, hewa iliyo ndani hupoa ghafla, hujikusanya, na kuvuta maji ya chumvi ndani kupitia sili. Ngoja nusu saa bearingi zipoe kabla ya kushusha. Ukishapandisha, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi mpaka ndani ya ngoma za breki, na ubadilishe grisi kila msimu. Trela ambayo breki zake zimeganda kwa kutu inarudi kuwa trela isiyo na breki, na hesabu zako zote za ukubwa wa gari zinarudi nyuma.

Mchanga, na sababu ya kutafuta trekta

Mchanga wa Malindi mjini una udongo mwingi unaoletwa na mto Sabaki, nao ukiwa na unyevu wa kutosha hushikamana vizuri. Ule wa Watamu ni mweupe, mwepesi, na huteleza. Katika mchanga wa aina zote mbili, punguza upepo wa tairi za pikapu na za trela pia, kwa maana wengi husahau za trela, kisha urudishe upepo kabla ya kushika lami. Weka makuti makavu chini ya magurudumu kabla ya kuanza kuvuta, si baada ya kuzama. Njia bora zaidi ni kutoishusha pikapu kabisa: iache juu penye ardhi ngumu, uifunge trela kwa mkanda mrefu wa kuvutia, na uivute mpaka ifike palipo pakavu ndipo uiunganishe.

Lakini kuna jambo ambalo mzee mmoja nahodha wa Shela hapa Malindi aliniambia nilipokuwa natafuta gari langu la pili. Aliniuliza, "Mwanangu, boti hiyo utaipandisha mara ngapi kwa mwaka?" Nikamjibu kwamba ni mara nne au tano. "Basi unanunua gari la siku 365 kwa ajili ya siku tano?" Alinionyesha trekta iliyokuwa ikikodishwa ufukweni, ambayo kwa magurudumu yake makubwa na gia zake za chini huitoa boti majini kwa dakika chache kuliko pikapu yoyote niliyoitaja. Ukikodi trekta kwa ajili ya ufukwe, pikapu yako inabaki na kazi ya lami peke yake, na hapo mtu aliyekuwa akifikiria Land Cruiser anaweza kutosheka na dabokebu. Nilimsikiliza, na gari nililonunua wakati ule ninalo mpaka leo.

Kabla ya kutoa fedha

Anayenunua gari lililotumika alale chini yake mchana, penye mwanga, na tochi mkononi. Tazama chuma cha kuvutia kimefungwa wapi: kinatakiwa kishikwe kwa bolti kwenye mihimili miwili ya chesisi, si kwenye bampa, wala kisiwe kimechomelewa tu na fundi wa kando ya barabara. Pitisha kidole kwenye matundu ya bolti kuona kama yamepanuka. Kagua chesisi pale nyuma ya kebini, ukitafuta ufa au rangi mpya iliyopakwa sehemu moja tu. Gonga mihimili kwa nyundo ndogo ya mbao. Chuma kilicholiwa na chumvi hutoa sauti ya debe. Gari lililokuwa likishusha boti kila wiki huwa na mchanga mkavu juu ya tangi la mafuta, mahali ambapo mwoshaji hafiki, na muuzaji akikuambia kwamba halijawahi kuvuta trela, mwonyeshe mchanga huo.

Trela nayo iwe na usajili wake, namba yake inayoanza na herufi Z, taa zinazowaka na bima iliyoandikwa kwamba gari litavuta trela. Na dereva utakayempa ufunguo awe na leseni ya daraja linalofaa mzigo huo. Jaribio langu kwake ni kumwomba airudishe trela nyuma, kati ya minazi miwili, polepole, huku amefungua dirisha ili asikie anayemwongoza.